Betri ya Gari na Maneno Yake: Mfano wa Shinyanga na Geita

Mara nyingi walimu na wafasiri huuliza istilahi za ufundi hutoka wapi. Wengine hudhani kwamba kila neno hutungwa katika kikao, likapigiwa kura, kisha likapelekwa kwa wananchi kama vile waraka wa serikali upelekwavyo wilayani. Kwa baadhi ya maneno ndivyo ilivyo. Lakini sehemu kubwa ya msamiati wa mitambo haikuzaliwa mezani. Ilizaliwa gerejini, migodini na barabarani, katika vinywa vya watu waliokuwa na kazi ya kumaliza kabla ya jua kuchwa. Wajibu wetu sisi tushughulikao na istilahi, basi, ni wa namna mbili: kupokea kilicho chema, na kutenganisha kile kilichochanganyika.

Katika makala haya twapenda kulieleza jambo hilo kwa mfano wa kitu kimoja, nacho ni betri ya gari. Tumeichagua kwa sababu kazi ya kuibadili si lazima ifanywe na fundi. Mwenye gari aweza kuifanya nyumbani kwake, Kahama au Geita, kwa spana moja na dakika chache. Lakini mtu huyo hana mwalimu pembeni yake. Ana maneno tu: aliyoambiwa dukani, aliyosoma katika kitabu cha gari, au aliyoyasikia kwa jirani. Maneno hayo yakiwa na utata, malipo yake ni mkono ulioungua, jicho lililodhurika, au betri mpya iliyoharibika kabla haijamaliza mwaka. Tumelichagua eneo la Shinyanga na Geita kwa kuwa huko mashine zilifika mapema na kwa wingi, nayo lugha ya mashine ikakua pamoja nazo.

Safari ya kitu na safari ya neno

Neno la Kiingereza ambalo Waswahili walilifanya «betri» lilikuwa na maana ya kikosi cha mizinga. Katikati ya karne ya 18, Mmarekani Benjamin Franklin alilitumia kwa chupa kadhaa za kuhifadhi umeme zilizounganishwa pamoja, kwa kuwa zilikuwa zimepangwa kama mizinga ipangwavyo. Mwaka 1800 Mwitaliano Alessandro Volta alitangaza chombo chake cha kutoa umeme kutokana na sahani za metali mbili tofauti zilizopangwa moja juu ya nyingine, nacho kikaingia katika jina lile lile. Mwaka 1859 Mfaransa Gaston Planté akaunda betri ya sahani za risasi zilizotumbukizwa katika asidi, ambayo ikiisha nguvu yaweza kutiwa nguvu tena. Hiyo ndiyo mama wa betri ya gari. Tangu mwaka 1912, kampuni ya Cadillac ilipoanza kuuza magari yenye stata ya umeme badala ya mkono wa kuzungushia, betri imekuwa kiungo ambacho gari haliwezi kuamka bila ya hicho.

Kiswahili kilipolipokea neno hili hakikupokea mizinga yake. Msemaji wa Kiswahili asikiapo «betri» haoni kikosi cha askari. Aona kisanduku chenye nguvu ndani yake. Hilo ni jambo la kawaida katika ukopaji: neno huvuka mpaka likiwa uchi, huku mizigo yake ya kale ikibaki nyumbani. Ajabu ni kwamba sisi nasi tumeleta silaha kwa mlango mwingine, kwa kuwa metali ya sahani zile twaiita «risasi», jina lile lile la kitokacho katika bunduki. Kongo, ambako maneno mengi ya mashine yalipitia Kifaransa, umbo la neno lilifuata matamshi ya lugha hiyo. Kenya nako wengi wameyaita mapande madogo ya tochi na redio «mawe», jina la Kiswahili kitupu ambalo halikukopwa popote.

Katika nchi ya Wasukuma njia za kupitia mashine zilikuwa nyingi. Reli kutoka Tabora, ipitayo Shinyanga, ilifika Mwanza mwaka 1928. Dhahabu ya Geita ilikuwa imeonwa na Mjerumani mmoja mwaka 1898, na kati ya mwaka 1936 na 1966 mgodi wa Geita ulikuwa mkubwa kuliko migodi yote ya dhahabu ya Afrika Mashariki. Mwaka 1940 Mkanada John Williamson, mtaalamu wa miamba, aligundua almasi Mwadui, na papo hapo pakajengwa mji wa migodi wenye karakana na magari yake. Baada ya Vita Kuu ya Pili, na hasa katika miaka ya 1950, vyama vya ushirika wa pamba vilikua, na malori yakawa yakibeba pamba kutoka vituo vya ununuzi hadi viwanda vya kuchambulia. Kila lori lilikuwa na dereva, kila dereva alikuwa na tanboi wake, na kila tanboi alikuwa mwanafunzi wa ufundi bila ya kuandikishwa shule.

Migodi mikubwa ya siku zetu imeongeza mkondo huo. Mgodi mpya wa Geita ulianza kuzalisha mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, na Buzwagi, karibu na mji wa Kahama, ulizalisha tangu 2009 hadi shughuli zake zilipofikia mwisho mwaka 2021. Pembeni ya migodi hiyo wako wachimbaji wadogo, wenye maduara yao ya kuchimbia na makarasha ya kusagia mawe, ambao huendesha mashine za dizeli, pikipiki, na taa za betri. Nayo betri ya gari haikubaki chini ya boneti. Katika nyumba nyingi zisizokuwa na nyaya za umeme imewasha taa na televisheni, imechaji simu za kijiji kizima, na siku hizi imeunganishwa na paneli za jua. Kwa hiyo maneno yake si ya madereva tu. Ni maneno ya jikoni na sebuleni.

Lugha ya gereji

Tukiyatazama maneno yaliyoizunguka betri, twaona kwamba wananchi walitumia njia zote ambazo wataalamu wa isimu huzitaja katika vitabu.

Njia ya kwanza ni kukopa na kutohoa. Betri, stata, dainamo, fyuzi, spana, boneti, chaji: yote haya yalichukuliwa kwa Kiingereza na kuvishwa sauti za Kiswahili. Mara yalipoingia, yalitii sarufi ya wenyeji. «Betri» ilikaa katika ngeli ya nyumba na nguo, tukasema betri hii na betri hizi. «Chaji» ikazaa kuchaji, kuchajisha na kuchajiwa, kama kwamba ilikuwa mzizi wa kibantu tangu zamani. Neno lenyewe «gari» lilikwisha kutujia mbele yao kutoka Bara Hindi, wala leo hakuna anayelitilia shaka uraia wake.

Njia ya pili ni kupanua maana ya neno la kale. Umeme ulikuwa mwanga wa radi kabla haujawa nguvu ya kuwasha taa. Kwa muda neno hilo lilishindana na «stimu», lililotokana na jina la Kiingereza la mvuke, ambalo Kenya limedumu kwa umbo la «stima». Kwetu umeme ulishinda katika maandishi, lakini gerejini neno lenye nguvu kuliko yote limebaki kuwa «moto». Betri ina moto au haina moto. Waya wa moto haushikwi. Upanuzi huu una akili ndani yake, kwani kiungacho na kuchoma bila ya kuonekana chafaa kuitwa moto. Hata hivyo una mitego yake. Gari likiwaka, injini imeanza kunguruma, nasi twafurahi. Gari likiwaka moto, twaita zimamoto. Karani anayeandika taarifa ya ajali, au mfasiri anayeifasiri mahakamani, hana budi kuiangalia tofauti hiyo ya neno moja.

Njia ya tatu ni sitiari. Betri hulala, huchoka, hufa, na mara nyingine hufufuka. Gari lililogoma hushtuliwa kwa kusukumwa, au kwa kuunganishwa na betri ya gari jingine. Kitenzi cha kushtua kilikuwa na maana ya kumtia mtu hofu ya ghafla. Gerejini kimekuwa kazi ya kuiamsha mashine. Hatuoni sababu ya kutafuta badala yake. Neno ambalo dereva, tanboi na abiria hulielewa sawasawa limekwisha kutimiza masharti ya istilahi, hata kama halijachapishwa.

Kazi ya vyombo vya lugha

Vyombo vya lugha vilikuwako muda wote huo. Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya nchi za Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930, na kazi yake ikarithiwa mwaka 1964 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam. Mwaka 1967 serikali ilikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya shughuli zake, na mwaka huo huo Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria ya Bunge. Orodha za Tafsiri Sanifu zilianza kutoka mwaka 1974, Kamusi ya Kiswahili Sanifu ikachapishwa mwaka 1981, na mwaka 1990 ikatoka kamusi ya biolojia, fizikia na kemia.

Mtu akiilinganisha miaka hiyo na ile ya reli, dhahabu na almasi, ataona jambo lililo wazi: mashine zilitangulia orodha kwa miaka thelathini, arobaini. Mafundi hawakungoja. Haikuwa kosa lao, wala haikuwa kosa la vyombo. Lakini inatufundisha kwamba anayekuja nyuma haanzi kwa kufyeka shamba lililokwisha kupandwa. Mfano wa kurunzi unatosha. Neno hilo lina nafasi yake katika kamusi na katika fasihi, lakini mchimbaji anayeshuka durani usiku huomba tochi. Mwenye kulazimisha la kwanza na kulipiga marufuku la pili atakuwa ameshinda hoja na kumpoteza msikilizaji.

Je, ina maana kwamba mwanaistilahi hana kazi tena? La hasha. Kazi yake imo pale ambapo neno moja la wananchi limebeba vitu viwili, na kuvichanganya vitu hivyo ni hatari. Katika habari ya betri tumeona mahali panne pa namna hiyo.

Mahali panne penye utata

La kwanza ni «maji ya betri». Ndani ya betri ya kawaida mna mchanganyiko wa asidi salfuriki na maji. Joto na kuchaji hupunguza maji, lakini asidi haipungui kwa njia hiyo. Basi kinachotakiwa kuongezwa ni maji matupu yaliyokenekwa, yaani yaliyopatikana kwa kuugeuza mvuke kuwa maji, yasiyokuwa na chumvi. Lakini watu wengi huita maji ya betri vyote viwili: yale ya kuongezea na ile asidi yenyewe. Anayeongeza asidi akidhani aongeza maji huzidisha ukali ndani na kuzila sahani za risasi. Na anayedhani kwamba kilichomwagika mkononi ni «maji» tu hatakimbilia bomba.

La pili ni «tindikali». Katika ukanda wa dhahabu neno hili, pamoja na lile la «maji makali», lina kazi nyingine tena. Biashara ya dhahabu hutumia asidi nitriki kupimia na kusafishia. Asidi ya betri ni salfuriki. Zote mbili huchoma, lakini tabia zao ni mbalimbali, wala moja haishiki nafasi ya nyingine. Mganga anayempokea mgonjwa, au mkaguzi anayeandika lebo za ghala, haridhiki na jina la ukoo. Ataka jina la mtu mwenyewe.

La tatu ni «betri kavu». Zamani jina hili lilifaa kwa mapande ya tochi na redio, ambayo dawa yake ya ndani ni kama uji mzito. Siku hizi wauzaji huliita hivyo pia lile betri la gari lililozibwa, lisilofunguliwa wala kuongezwa maji. Kwa kuwa halifunguliwi, mnunuzi hudhani halina kitu cha majimaji. Sivyo. Ndani mna asidi ile ile, na likipasuka huvuja. Baadhi ya watu wamependekeza «betri iliyofungwa», lakini jina hilo halifai, kwa maana fundi husema amefunga betri akimaanisha kwamba ameiweka na kuikaza ndani ya gari.

La nne, nalo ndilo zito zaidi, ni «hasi» na «chanya». Maneno haya mawili twayajua tangu shule ya msingi, katika namba zilizo juu na chini ya sifuri. Katika nchi ya wafugaji kama Usukuma, hasi lina ndugu yake wa zizini, kwani kuhasi ni kumwondolea dume uwezo wa kuzaa, ndipo apatikane maksai wa kukokota jembe. Mwalimu hana budi kuwaeleza wanafunzi wake kwamba upande hasi wa betri haukupungukiwa na kitu. Umeme huhitaji pande mbili, kama mto uhitajivyo kingo mbili.

Lakini hatari haimo katika maana ya maneno hayo. Imo katika jinsi yanavyotumiwa kuelekeza. Katika magari ya leo waya wa upande hasi umeunganishwa na bodi ya gari. Kwa hiyo vitabu husema: ondoa hasi kwanza. Sababu yake ni hii. Spana ikiwa juu ya upande usioungana na bodi, kisha ikaigusa bodi, umeme wote hupita katika spana kwa ghafla. Cheche huruka, chuma huwa chekundu, na gesi ya hidrojeni itokayo katika betri yaweza kulipuka. Ukianza na upande ulioungana na bodi, spana ikigusa bodi haitendi neno. Sasa, magari mengi ya Kiingereza yaliyotengenezwa kabla ya mwisho wa miaka ya 1960, zikiwamo Land Rover zilizozijua sana barabara za bara, yaliunganishwa kinyume: upande chanya ndio uliokuwa kwenye bodi. Mwenye gari la namna hiyo akifuata kwa utiifu amri ya «ondoa hasi kwanza», ametenda hasa lile alilokuwa akikatazwa. Hapo tafsiri ni sahihi neno kwa neno, na bado yaweza kumdhuru mtu.

Mapendekezo

Kutokana na hayo twapendekeza mambo machache. Maneno betri, chaji, moto, stata na kushtua yaachwe yalivyo. «Maji ya betri» liwe jina la maji yaliyokenekwa peke yake, na kile kikali kiitwe «asidi ya betri» daima, dukani na kitabuni. «Tindikali» libaki neno la jumla, lisitumike kwenye lebo bila ya jina mahsusi kulifuata. Betri isiyofunguliwa iitwe «betri iliyozibwa». Vile vichwa viwili vya risasi vilivyo juu ya betri viitwe «ncha», kama tusemavyo ncha za sumaku na ncha za dunia. Na waya uendao kwenye chuma cha gari uitwe «waya wa bodi». Najua wapo watakaosema kwamba bodi ni chombo cha wakurugenzi, lakini muktadha utatosha: hakuna aliyewahi kuifungua Bodi ya Pamba kwa spana namba 10.

Faida ya jina hili la mwisho ni kwamba humwelekeza mtu kwenye kitu anachokiona kwa macho. Si lazima akumbuke alama. Atafuata waya kwa kidole mpaka aone umeishia wapi. Ili msomaji aupime uzito wa mapendekezo yetu, tumeandika hapa maagizo mafupi kwa kutumia istilahi hizo.

«Zima injini, utoe ufunguo. Usivute sigara karibu. Vua saa na pete. Tazama waya upi kati ya zile mbili umefungwa kwenye bodi ya gari. Legeza na uondoe waya wa bodi kwanza, kisha waya wa pili. Fungua kishikizo cha betri. Inua betri ikiwa wima, kwa maana ni nzito na ina asidi. Safisha vishikio vya nyaya; unga mweupe huoshwa kwa magadi yaliyoyeyushwa katika maji. Weka betri mpya, ncha zikielekea pale pale zilipoelekea za kwanza. Kaza kishikizo. Funga kwanza ule waya usiokwenda kwenye bodi, na waya wa bodi uwe wa mwisho. Asidi ya betri ikikugusa, osha kwa maji mengi mara moja. Ikiingia jichoni, endelea kuosha kisha uende hospitali. Betri ya zamani usiitupe wala usiivunje, kwa sababu risasi yake ni sumu. Irudishe kwa wanunuzi wa betri chakavu wenye kibali.»

Maagizo hayo yanafaa kwa gari jipya la mji wa Geita, na yanafaa vile vile kwa Land Rover kuukuu iliyosahauliwa chini ya mwembe huko Maswa. Humo hamna neno hata moja ambalo fundi wa Shinyanga hatalitambua. Tulichofanya ni kuyapa maneno yake mipaka. Twawaomba walimu wa ufundi, wafasiri wa vitabu vya magari na maofisa wa usalama kazini wayajaribu katika shughuli zao, na watuletee maoni yao, hasa pale ambapo wananchi wana neno lililo bora kuliko letu.